Nguruwe anakula soya lakini hakui: kutafuta kosa kwenye moto

Chakula kinaliwa, kihori kinabaki kitupu, lakini nguruwe wa miezi mitano ana umbo la wa miezi mitatu. Ukiuliza kilichomo kwenye mchanganyiko unatajiwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, na soya iliyonunuliwa Songea au Njombe ikachemshwa au kukaangwa nyumbani. Kabla hujanunua dawa nyingine ya minyoo au kopo la vitamini, ichunguze hiyo soya. Ni chanzo kizuri sana cha protini ya mimea, ina protini asilimia 36 hadi 38 na mafuta asilimia 18 hadi 20, lakini faida yake hutegemea moto. Moto ukipungua protini haimeng'enywi, na ukizidi, laisini (moja ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini) inaharibika, kisha hakuna njia ya kuirudisha.

Kwanza hakikisha ni soya

Nguruwe mwenye homa, aliyekataa chakula, mwenye ngozi iliyogeuka nyekundu au zambarau masikioni na tumboni, hana tatizo la soya. Muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na usiruhusu nguruwe kuingia wala kutoka bandani, maana hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika.

Kosa la soya lina sura yake. Hamu ya kula ipo, au imepungua kidogo tu. Wanaokula mchanganyiko uleule wanadumaa wote kwa pamoja, wakati minyoo hukupa banda lenye mmoja mnene na mwenzake mwenye manyoya yaliyosimama. Na ukirudi nyuma kwenye kalenda utakuta kudumaa kulianza siku chache baada ya kufungua gunia jipya au baada ya mpishi kubadilika. Kwa hiyo andika tarehe ya kila mpiko juu ya gunia. Bila tarehe hiyo utakuwa unabahatisha.

Pima pia, usikadirie kwa macho. Kama huna mizani, pitisha futi kamba nyuma ya miguu ya mbele kupata mzingo wa kifua, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, vyote kwa mita, halafu zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzingo wa mita 0.80 na urefu wa mita 0.80 ana takriban kilo 35. Pima walewale watano kila baada ya siku 14, asubuhi kabla hawajala.

Kinachotokea tumboni

Soya mbichi ina protini ndogo zinazoitwa vizuia-tripsini. Tripsini ni kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho kuja kukata protini ndani ya utumbo mwembamba. Kizuizi kinakishika kimeng'enya na kukifunga, kama kipande cha mti kilichokwama kwenye meno ya msumeno. Mwili ukiona kazi haifanyiki unamwaga tripsini zaidi, nayo inafungwa. Hasara inakuwa mara mbili: protini ya soya inapita bila kukatwa, na protini ya nguruwe mwenyewe, iliyotumika kutengeneza tripsini, inatoka nayo kwenye kinyesi. Tripsini ina salfa nyingi, na soya kwa asili ni haba wa methionini, ambayo nayo ni asidi amino yenye salfa. Ndiyo maana pengo linaonekana haraka.

Kuna jambo wengi hawalijui. Protini inamfaa nguruwe ikimeng'enywa kabla ya mwisho wa utumbo mwembamba tu. Ikivuka kwenda utumbo mpana, bakteria wanaila na kuigeuza amonia; nguruwe hapati asidi amino hata moja. Mtu akipima kinyesi peke yake anaweza kuona protini imepungua akadhani imeyeyushwa, kumbe imeliwa na bakteria. Ndiyo sababu wataalamu hupima umeng'enywaji pale mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa mashudu ya soya yaliyopikwa vizuri, laisini inayopatikana pale ni karibu asilimia 89. Kwa soya mbichi inaweza kushuka kufikia nusu au chini zaidi.

Zaidi ya vizuia-tripsini kuna lektini, zinazoshika ukuta wa utumbo, nazo moto unaziua. Sukari za rafinosi na stakiosi zinazoleta gesi haziharibiwi na moto mkavu. Kuloweka na kumwaga maji ndiko kunakozipunguza.

Usitegemee mchinjaji akuonyeshe kosa. Kwa kuku, soya mbichi huvimbisha kongosho hadi ukaliona. Kwa nguruwe kongosho halivimbi hivyo, na nyama itaonekana ya kawaida.

Dalili: wanakula vizuri, hawakui, kinyesi laini, banda lina amonia kali kuliko kawaida

Hapa mshukiwa wa kwanza ni soya iliyoiva nusu. Chukua punje ishirini kutoka juu, katikati na chini ya gunia, usichukue za juu peke yake. Zipasue kwa kisu. Punje mbichi ndani ni njano yenye ukijani, ngumu, na ukiitafuna ina uchungu na harufu ya majani. Iliyoiva ni ya rangi ya dhahabu hafifu kote hadi katikati, ganda linatoka ukiisugua kiganjani, na ladha yake inakaribia karanga. Ukikuta punje nne au tano kati ya ishirini zina kiini cha kijani, mpiko mzima haujaiva.

Kisha fanya kipimo cha urea. Soya mbichi ina kimeng'enya cha ureasi, kinachobadilisha urea kuwa amonia, nacho hufa kwenye joto linalokaribiana na lile linaloua vizuia-tripsini. Dawa ya duka la kemikali haihitajiki, mbolea ya urea ya shambani inatosha:

Saga soya iliyopoa. Weka kwenye chupa ya kioo vijiko vinne vya unga huo, kijiko kimoja cha urea na vijiko vitano vya maji ya uvuguvugu yasiyochoma mkono, kwani maji ya moto yataua kimeng'enya na kukudanganya. Koroga, funga kifuniko, acha dakika 20. Fungua, nusa. Pembeni andaa chupa ya pili yenye soya mbichi, kwa vipimo vilevile. Ile mbichi lazima itoe harufu kali ya amonia inayopanda puani; isipotoa, urea yako imeharibika au umekosea vipimo, na jibu la chupa ya kwanza halina maana. Soya iliyoiva hutoa harufu hafifu sana au haitoi kabisa. Ikinukia karibu sawa na mbichi, rudisha jikoni. Mabaki ya kipimo yamwage shambani, usimpe mnyama.

Maabara za vyakula vya mifugo hufanya jambo hilohilo kwa namba: hupima pH inavyopanda. Soya mbichi hupandisha kama 2.0, iliyoiva vizuri kati ya 0.05 na 0.20.

Kama jibu ni mbichi, tafuta kosa kwenye hatua hizi.

Aliyechemsha mara nyingi amehesabu dakika tangu soya ilipoingia sufuriani. Debe moja la soya, kilo 15 hivi, likimwagwa kwenye maji yanayochemka huyapoza, na kwa kuni mbichi inaweza kuchukua dakika 20 kabla hayajachemka tena. Hesabu inaanza yanapotokota upya. Tia soya kwenye maji yanayochemka tayari, maji mara tatu ya ujazo wake, na ukipata povu koroga bila kupunguza moto. Pwani au maeneo ya chini, dakika 30 zinatosha.

Nyanda za juu hesabu ni nyingine. Maji hupoteza takriban nyuzi moja ya kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Njombe mjini, juu ya mita 1,900, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Makete, palipoinuka zaidi, joto hilo ni dogo zaidi. Mapovu ni yaleyale, joto si lile. Mapishi yaliyoandikwa kwa Morogoro yakifuatwa Makete hutoa soya mbichi iliyolainika, na ulaini unamdanganya mpishi. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 10 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, kisha chemsha dakika 45. Kuloweka ndiko kunakosaidia zaidi: unyevu ukishafika kiini cha punje, joto lilelile linafanya kazi haraka zaidi.

Maji ya kuchemshia yamwage pia. Anika soya kwenye turubai, unene usizidi sentimita mbili, geuza mara kadhaa kwa siku. Imekauka ikivunjika kwa mlio ukiiuma. Ikilala usiku kwenye lundo la unyevu, kesho yake utaukuta utelezi na harufu ya kuchacha.

Dalili: punje nyeusi nje, kijani ndani

Hili ni kosa la mkaangaji mwenye haraka, na ni baya kuliko yote kwa sababu linakupa makosa mawili kwenye punje moja: ganda limeungua, kiini kibichi. Moto ulikuwa mkali, karai halikukorogwa, au soya iliingia ikiwa ya ukubwa mchanganyiko pamoja na vipande. Vipande huungua kabla punje nzima hazijapata moto, kwa hiyo pepeta kwanza na vipande vikaange peke yake.

Lengo ni punje yenyewe kufika nyuzi 115 hadi 120, si karai. Kipimajoto cha kupikia chenye ncha ndefu kinalipa gharama yake kwenye magunia mawili ya kwanza: chota soya, tia haraka kwenye kopo lililofunikwa kwa gunia, choma kipimajoto katikati, subiri namba itulie. Kama huna, kaanga na mchanga. Mchanga wa mto uliooshwa, wa chembe kubwa, mara mbili ya ujazo wa soya, upashwe moto kwanza ndipo soya iingie. Mchanga hugusa punje pande zote, wakati karai tupu linagusa upande mmoja tu. Koroga bila kuacha, ganda likianza kupasuka na harufu ya kijani ikageuka harufu ya karanga, pasua punje mbili uone ndani. Chekecha.

Baada ya kutoka motoni, irundike kwenye turubai na uifunike kwa gunia dakika 15 hadi 20. Joto lililoko nje linaingia ndani na kumalizia kiini. Kisha tandaza ipoe. Hatua hii watu wengi huiruka, wakati inaokoa kuni na kusawazisha mpiko.

Mizani nayo husema. Soya kavu ina unyevu wa asilimia 12 hivi, na ikikaangwa vizuri hubaki na 5 au 6. Kilo 100 zilizoingia zitoke kama kilo 93. Zikitoka 97, hazijaiva; zikitoka 89, zimeungua.

Dalili: soya ya kahawia, harufu ya kuungua, nguruwe wanajaza mafuta lakini hawana misuli

Kipimo cha urea kitasema soya hii ni salama, na hapo ndipo watu wanapotea. Ureasi ikishakufa imekufa. Chupa haiwezi kukuambia kama moto uliendelea saa nzima baada ya hapo.

Kinachoharibika ni laisini, asidi amino ambayo nguruwe anayelishwa mahindi huikosa kabla ya nyingine zote. Mkono mmoja wa laisini uko wazi kwenye mnyororo wa protini, na katika joto unaungana na sukari. Ni mmenyuko wa Maillard, uleule unaoupa mkate rangi yake. Sehemu ya laisini inapotea kabisa, sehemu nyingine inabaki imefungwa: maabara ya kawaida, kwa kuchemsha sampuli kwenye tindikali, inaweza kuihesabu kama ipo, lakini nguruwe hawezi kuitumia. Protini ghafi kwenye karatasi ya majibu haitikisiki. Ndiyo maana mchanganyiko wenye protini 18 kwenye karatasi unaweza kumdumaza mnyama.

Ukitaka namba, omba maabara vipimo viwili. Kimoja ni uyeyukaji wa protini kwenye myeyusho wa potasiamu hidroksidi (KOH) wa asilimia 0.2: mbichi ni karibu 100, nzuri ni 78 hadi 85, na ikishuka chini ya 70 imeungua. Cha pili ni laisini ikigawanywa kwa protini: soya nzuri hukaa juu ya asilimia 6, na ikishuka chini ya hapo kuna uharibifu. Nyumbani, weka chupa ya kioo yenye unga wa mpiko unaojua ulikuza nguruwe vizuri, uifunike na kuiweka gizani. Kila mpiko mpya usagwe na kuwekwa kando ya chupa hiyo mchana, penye mwanga wa nje. Jicho linaona tofauti ya rangi ambayo kumbukumbu haiwezi kuikamata.

Chanzo chake si kukaanga kupita kiasi peke yake. Unyevu pamoja na joto kali huharibu laisini kwa kasi kuliko joto kavu. Kwa hiyo yule aliyechemsha soya vizuri, mvua ikamkuta, akaamua kuikaushia juu ya karai la moto, amefanya kosa kubwa kuliko aliyekaanga soya kavu. Vilevile soya ya moto ikitiwa kwenye magunia na kupangwa, katikati ya gunia hubaki na joto kwa saa nyingi na kuendelea kubadilika rangi. Ipoe kwanza.

Soya iliyoungua haiponi. Unachoweza ni kufidia. Tuseme umetia kilo 20 za soya katika kilo 100 za chakula. Soya yenye laisini asilimia 2.3 inaleta gramu 460; ikiwa nzuri, nguruwe anapata kama asilimia 81 yake, gramu 373. Kama moto umeshusha hadi asilimia 60, anapata gramu 276, pungufu gramu 97. Laisini ya dukani ya unga ina laisini halisi asilimia 78, kwa hiyo unahitaji gramu 125 hivi kwa kila kilo 100. Changanya kwanza na kilo mbili za pumba ndipo uimwage kwenye lundo kubwa. Soya nyeusi kabisa itupe kwenye mboji.

Dalili: watoto wanaharisha wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuachishwa

Hapa hata soya iliyoiva vizuri inaweza kuwa chanzo. Protini mbili za soya, glisinini na beta-konglisinini, huchokoza kinga ya utumbo wa mtoto ambaye hajazizoea, vijinyweleo vya utumbo vinafupika, na umeng'enyaji unashuka kwa muda. Protini hizi zinastahimili moto kuliko vizuia-tripsini, kwa hiyo kuzidisha kukaanga si jibu. Utapoteza laisini bila kuwamaliza wachokozi.

Punguza kiasi. Wiki mbili za kwanza soya isizidi asilimia 10 ya chakula, pengo lizibwe na dagaa safi wasio na mchanga. Waanze kuonja soya iliyoiva wakiwa bado wananyonya, kuanzia siku ya 10 hadi 14, kidogo kidogo kwenye sahani, ili utumbo uizoee. Mharo wa maji unaoambatana na macho kuzama na kifo ndani ya siku moja au mbili mara nyingi ni wa bakteria: wape maji yenye chumvi na sukari, mpigie daktari. Mtoto wa siku 7 hadi 14 anayeharisha rangi ya njano akiwa bado ananyonya afikiriwe koksidia (vimelea vya utumbo) kabla ya chakula.

Mashudu ya kununua

Usiamini neno "mashudu" kuwa ni kitu kilichopikwa. Viwanda vikubwa vinavyotoa mafuta kwa kemikali huyapitisha mashudu kwenye mvuke mwishoni, na mashine za parafujo zikifanya kazi ipasavyo hupata joto la kutosha zenyewe. Lakini mashine ndogo ya kukamua, ikilishwa soya baridi na kuendeshwa polepole, hutoa mashudu yaliyo mabichi. Pima kila shehena kwa chupa ya urea kabla hujalipa. Mashudu yaliyo mabichi yanaweza kuokolewa: yachemshe kwa mvuke dakika 30, yaanike, yapime tena.

Yasiyotokana na moto

Miguu dhaifu na nguruwe wanaokaa chini kama mbwa: fosforasi ya soya imefungwa kwenye faiteti, kampaundi inayoihifadhi ndani ya mbegu, na kukaanga hakuifungui. Tia DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi ya dukani) au mifupa iliyochomwa na kusagwa. Ukungu: sumu kuvu haiuawi na moto wa jikoni, punje zenye ukungu zitolewe kabla ya kupika. Mafuta ya nyama laini, yanayoyeyuka mkononi: soya nzima imezidi kwa nguruwe wa kunenepesha, ishushe chini ya asilimia 15. Harufu kama ya rangi ya kupaka ya zamani: soya imesagwa mapema mno. Ihifadhi ikiwa nzima, saga ya wiki mbili tu.

Gunia lililogundulika halijaiva

Likaange au lichemshe upya, kisha pima tena kwa urea. Kama haiwezekani, wape majike wenye mimba ambao hawanyonyeshi. Mnyama mzima anavumilia soya mbichi kuliko mtoto, kwa kuwa mahitaji yake ya laisini ni madogo. Majike wanaonyonyesha wasipewe, maziwa yatapungua. Wanaokua wakihamishiwa soya iliyoiva, wape siku 14 kisha rudia kipimo cha mzingo kwa walewale watano. Wasipoonyesha mabadiliko, sasa ndipo uangalie minyoo na vyombo vya maji.